Maji ya Jana

Chumbani tulikuwa watu watano siku ile Mzee Hoza aliposema uongo. Alikuwepo Dokta Mushi, mwanafizikia aliyeletwa kuisimamia mashine, amekumbatia karatasi zake za vipimo kama mtu aliyebeba habari ya msiba. Alikuwepo mkaguzi wa mionzi kutoka serikalini, ambaye jina lake sikupata kulijua kwa sababu wote tulimwita Mkaguzi na yeye hakutusahihisha. Alikuwepo mdogo wangu Elia, msaidizi wa Dokta, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa bado kwenye mwaka wa majaribio kazini, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwepo Mzee Hoza mwenyewe, fundi sanifu wa chumba, mfupi, mwenye kofia ya sufi asiyoivua mbele ya mgeni yeyote. Na nilikuwepo mimi, Agnes, mfanya usafi wa jengo, nimesimama kando ya tangi la maji na ndoo tupu mkononi, nikiwa sina ruhusa ya kuwa pale. Juma lililopita Mzee Hoza alizikwa Mazinde. Katika wanne tuliobaki, ni wawili tu tunaojua kwamba alichosema asubuhi ile kilikuwa uongo, na hao wawili ni ndugu wa tumbo moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Sasa nakaribia hamsini na magoti yangu yanaijua kila ngazi ya Lushoto, lakini mwaka ule ninaukumbuka kwa harufu: rangi mpya ukutani, zege ambalo halijakauka vizuri, na makande yaliyokuwa yakichemka tangu alfajiri nyuma ya jengo. Jengo lenyewe lilikuwa limechimbiwa kwenye ubavu wa mlima, pembeni ya hospitali, kuta zake nene kuliko urefu wa mtu aliyelala. Ulikuwa unaingia kwa ujia uliopinda mara mbili, na mwisho wa ujia kulikuwa na mlango mzito ambao Mzee Hoza aliusukuma kwa kidole kimoja ili kunionyesha ulivyopimwa vizuri. Ndani, katikati ya chumba kisicho na dirisha, ilisimama mashine nyeupe yenye shingo iliyoinama, kama ng'ombe anayekunywa maji. Nilimuuliza inafanya nini. "Ni kombeo," akaniambia. "Ndani mna chembe ndogo kuliko vumbi la unga. Tunazikimbiza, zinagonga kipande cha chuma, na kinachotokea upande wa pili ndicho dawa. Kinaingia mwilini kuitafuta saratani ilipojificha." Nikamuuliza na kama kikiikosa? Akacheka. "Ndiyo maana mimi na hawa wasomi tunalishwa makande hapa mwaka mzima, tuhakikishe hakikosi."

Mashine ya namna ile haiwashwi kama taa. Inaamshwa kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na karatasi yake inayongoja sahihi ya Mkaguzi. Kwanza waliwasha mionzi kidogo sana, wakazunguka kuta za nje na vipima vyao wakitafuta kama kuna inayovuja. Hakuna iliyovuja; Mkaguzi akasaini, tukala pilau. Kisha wakapima upana wa mwale na unyofu wake, ikapita. Hatua ya tatu ndiyo iliyotushika kooni. Hapo walitakiwa kuwasha kwa nguvu kamili na kujua, bila shaka yoyote, kwamba kipimo kinachoandikwa kwenye kioo cha mashine ndicho kinachotoka. Baada ya hapo ingefuata sanamu ya plastiki yenye umbo la mtu, na mwisho kabisa mtu mwenyewe. Hatua hiyo ya tatu inapimwa ndani ya maji, kwa kuwa mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Kulikuwa na tangi la plastiki angavu, kubwa kama kabati lililolazwa, na ndani yake kipima kidogo kama kidole cha mtoto kilichoshuka na kupanda majini.

Bomba la mle ndani lilikuwa halijaunganishwa. Kulijaza tangi ilikuwa kazi ya Elia, kila Jumatatu jioni, ili maji yalale mle juma zima na kulingana joto na chumba, ambacho viyoyozi vilikitunza vuguvugu lilelile usiku na mchana. Elia aliniomba nimsaidie ndoo. Kanuni ilikataza mtu asiye na beji ya mionzi kuvuka ule mlango, na mimi sikuwa na beji. Nilikuwa na ufagio. Lakini mashine ilikuwa imezimwa, na yule ni mdogo wangu, nami niliacha shule darasa la sita ili yeye na wadogo zetu wengine wawili wapate wa kuwapikia. Nilipokuwa nikipita naye mlangoni na ndoo kichwani nilijisikia kama ninamsindikiza tena darasa la kwanza. Baada ya majuma mawili akachoka kunisubiri, akanionyesha anapotundika ufunguo. "Dada, jaza tu, funga, rudisha hapa. Mtu asikuone."

Sasa nieleze kosa langu, nalo halikuwa uvivu. Mama alitulea kwamba maji ya jana ni ya kufulia na ya kuku. Mgeni akiingia, hata kama mtungi umejaa, unakwenda chemchemi kumtekea ya leo. Kumpa yaliyolala ni kumwambia hukumtarajia. Na mimi kila asubuhi nikifika saa kumi na mbili na nusu kufagia, nilikuwa naliona lile tangi na maji yake yaliyolala, vumbi jembamba limetanda juu, nami ninajua wasomi wanakuja, pengine na Mkaguzi. Niliona aibu. Mdogo wangu atasemwaje, wageni wake wakikuta maji ya jana? Basi nikawa ninayatoa kwa mpira, ninapangusa tangi, ninajaza maji mapya kutoka bomba la nje linaloleta maji ya mlimani. Ndoo kumi na tisa. Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Saa mbili kasoro nilikuwa nimemaliza, nimefunga, ufunguo uko mahali pake, na mimi niko ukumbini napiga deki. Elia hakujua. Nilitaka aone tu maji safi na amshukuru Mungu.

Kuanzia Februari vipimo vikaanza kuwatesa. Asubuhi namba ilikuwa kubwa, mchana inashuka, jioni imeshuka zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, Elia alinieleza nyumbani huku akichezea chakula, lakini kwa mgonjwa si ndogo, na mashine isiyosema neno moja asubuhi na jioni haiwezi kupewa mtu. Kipimajoto cha maji kilikuwa kimevunjika Januari na kingine hakijaletwa. Walitumia cha ukutani, kwa kuwa maji yaliyokwisha kulala mle yana joto la chumba. Hivyo ndivyo walivyoamini, na kwa nini wasiamini? Walimshuku kila mtu isipokuwa maji. Nikiwa nafuta vioo nilimsikia Dokta Mushi akimwambia Elia, "Kati ya wewe na hii mashine, mmoja ni mwongo. Nakuomba usiwe wewe, kwa sababu mashine ina dhamana ya miaka miwili na wewe huna." Elia akajibu, "Ndiyo, Dokta," kwa sauti ile ile aliyokuwa akimjibu mwalimu wa hesabu.

Waliagiza kifaa kutoka ng'ambo. Kikapanda meli, kikakaa bandarini, kikapanda lori mpaka Mombo, na kutoka Mombo kikapandishwa kona zote zile kimefungwa magodoro. Tulikingoja kuanzia Machi mpaka Juni. Wakakifunga. Namba zikashuka vile vile. Sijawahi kuona watu wazima wakikasirika kwa ukimya kama juma lile. Dokta aliacha kula na sisi. Elia alianza kulala na daftari la vipimo. Mkaguzi alipanda mlima mara tatu, akalala nyumba ya wageni mara tatu, akateremka mara tatu bila kusaini. Na pale ukumbini, nikiwa na deki yangu, watu waliteremka kutoka Mlalo na Mtae, mwingine ameshikiliwa na mwanawe, wakaniuliza mimi kwa kuwa ndimi wa kwanza waliyemkuta: "Imewaka?" Nikasema bado. "Lini?" Nikasema wanapima. Baadhi ya walioniuliza Machi sikuwaona tena Julai, na sikuthubutu kuuliza walipo.

Aliyekuwa anatuchekesha ni Mzee Hoza peke yake. Saa ya chakula alikuwa anakaa kwenye kreti la soda, sahani magotini, na kumsomea Dokta hati ya mashtaka ya mashine. "Mshtakiwa, umri miezi saba, anashtakiwa kwa kuamka na nguvu na kuchoka kabla ya adhuhuri. Mheshimiwa, huyu si mgonjwa, huyu ni mwajiriwa wa kawaida." Mimi nilikuwa nacheka mpaka naona aibu. Alinipenda, nadhani, kwa sababu mimi ndiye niliyemsalimia kwa Kishambaa kila asubuhi mbele ya wasomi, naye akajibu kirefu, akiulizia mpaka mbuzi. Siku moja aliniambia, "Elia wako ana mikono mizuri. Mwache amalize mwaka huu wa majaribio, huyu atakuja kukiongoza chumba hiki." Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama kitu cha kuvunjika.

Asubuhi ya Julai ninayoizungumzia, Mkaguzi alikuwa amekuja kwa mara ya mwisho. Kila mtu alijua. Ikishindikana, mashine inafunguliwa na kurudishwa kiwandani, na Dokta alikuwa amekwisha kumwambia Elia kwamba taarifa lazima itaje nani alishughulikia vipimo. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba ambayo ukungu unaingia mpaka ndani ya viatu. Kwa heshima ya siku ile nilipangusa tangi mara mbili. Nilikuwa namimina ndoo ya mwisho niliposikia mlango. Alikuwa Mzee Hoza, amewahi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuniuliza nimeingiaje. Alikuwa anatazama tangi. Nje ya ile plastiki angavu matone yalikuwa yanateremka, mengi, kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Akapitisha kidole. "Agnes, tangi linatoka jasho. Na wewe unatoka jasho. Nani kati yenu ametoka kukimbia?"

"Nimeyabadilisha maji, Mzee. Wageni wanakuja."

"Leo tu?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Akaigeuza ndoo yangu, akaikalia. Akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, kofia ikaenda upande. Kisha kicheko kikakatika. Akanieleza kwa sentensi chache, bila kunidharau: hewa iliyomo ndani ya kile kipima ikipoa inajikusanya, na namba inapanda; maji yakipata joto polepole mchana kutwa, namba inashuka. Mashine haikuwa na kosa hata moja. Kwa miezi mitano walikuwa wanapima baridi ya mlima wetu.  Nikamwambia nitasema, nitamwambia Dokta sasa hivi.

"Utasema uliingiaje?"

Nikapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu, na mtu mmoja tu ndiye angeweza kunionyesha ulipotundikwa.

"Mimi nina beji," akasema Mzee Hoza, akijinyanyua kwenye ndoo. "Mimi nina ruhusa ya kuingia saa yoyote. Fundi mzee akibadilisha maji bila kuuliza, huo ni ujinga tu. Watanipigia kelele, nitaandika barua ya kuomba radhi, basi. Wewe ukisema, kijana anaondoka leo leo. Kwa hiyo shika ndoo yako na unyamaze. Usiniharibie uongo wangu, ndiyo kwanza nautengeneza."

Tukasikia sauti kwenye ujia. Wakaingia watatu. Dokta alianza kusoma maelezo yake, na kabla hajafika mstari wa pili Mzee Hoza akasema, "Dokta, samahani. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha maji kila asubuhi. Na Agnes huyu leo nimemwita mimi anisaidie ndoo, mgongo unaniuma." Dokta akamtazama kama haelewi lugha. Mkaguzi akauliza kwa nini. "Kwetu huku mgeni hapewi maji ya jana," akasema Mzee Hoza. Mkaguzi hakucheka. Alikwenda kwenye tangi, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko pamoja na mkono wa koti lake, akautoa, na kwa muda mrefu akawa anautazama ukidondosha maji sakafuni. Elia alinitazama mimi. Akashusha macho kwenye mfuko wa aproni yangu. Akajua.

Maji yalilala siku mbili. Siku ya tatu wakapima asubuhi, mchana na jioni, na namba ikawa moja. Mkaguzi akasaini. Lakini kelele na barua havikutosha. Kile kifaa cha ng'ambo kilikuwa kimenunuliwa bure, miezi mitano ilikuwa imepotea, watu wa juu walitaka jina, na jina walikuwa wamekwisha kupewa. Mzee Hoza aliachishwa kazi akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Alirudisha beji, akiwa ameipangusa kwanza kwa shati. Mlangoni aliniambia, "Nilikosea hesabu kidogo, binti. Basi hiyo ndiyo hatua yangu ya mwisho," na akanikataza kwa kidole kufungua mdomo.

Ningeweza kuufungua bado. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba nafasi haikuwa moja. Jioni ile nilimwambia Elia, kesho tunakwenda kwa Dokta. Akaweka kichwa mezani. "Dada, tukisema leo tunaondoka wote wawili, na yeye hawamrudishi. Ngoja hatua ya nne ipite." Hatua ya nne ikapita, ile sanamu ya plastiki ikapigwa mionzi na kila kitu kikaangukia panapotakiwa. Nikamkumbusha. "Ngoja mgonjwa wa kwanza." Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Mlalo, alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, na alipotoka akauliza kama wamekwisha kuanza. Watu walilia. Mimi nililia kwa sababu nyingine, nikitazama lile kreti la soda. Nikamkumbusha Elia. "Ngoja nithibitishwe kazini." Akathibitishwa. Mdogo wangu, niliyemfundisha kusema kweli kwa fimbo ya mpera, alinipangia hatua kama alivyopanga za mashine, na mimi nikazifuata moja moja, nikiwa nimekasirika, nikimpikia. Sijui nimlaumu nani. Hasira ile ikimwendea yeye inarudi, inanikuta mimi na ndoo yangu.

Elia ndiye anayekiongoza chumba kile leo, kama Mzee alivyosema. Watu waliopona wananisalimia sokoni. Mzee Hoza alihamia Mazinde, kwenye joto, akawa anauza plamu na peasi kwa abiria wa mabasi. Nilimpelekea debe la peasi kila msimu, akalipokea, akauliza habari za Elia na za mashine, na kila nilipoanza kulisema lile akaanza kunisomea mashtaka ya peasi zilizopondeka. Sasa hayupo tena wa kunikatiza. Nilipopata habari nilimpigia Elia twende wote kwenye hitima na kulisema mbele ya watu. Akasema, "Sasa itamsaidia nini, Dada?" Nikateremka peke yangu.

Mjane wake, Bi Mwanaisha, nilimkuta uani na wanawake wengine, na walipoondoka akanitandikia mkeka. Ndiye aliyeanza. "Wewe ulikuwa naye kule hospitali. Unajua alifukuzwa kwa ajili ya maji? Maji, mwenzangu! Nimemsimanga miaka yote. Chumvi ikizidi, nasema, usije ukabadilisha na hii. Mvua ikinyesha, namwambia kaiulize kama ni ya leo. Anacheka tu. Mpaka amekufa nilikuwa namwita Bwana Maji." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akanyanyuka kuniletea maji, akafunua mtungi, akachungulia, akasonya. "Haya ya jana," akasema. Akayamwaga yote kwenye mche wa mpapai, akachukua ndoo na kutoka, mjane wa siku nne, kwenda bombani juani kwa ajili yangu. Aliporudi alinipa bilauri kwa mikono miwili. Nilikunywa mpaka chini. Akauliza kama nimeridhika, nikasema naomba mengine, ili asikae, ili nipate muda wa kuanza. Akaenda tena bombani, kana kwamba yale ya ndooni yalikuwa yamekwisha kulala. Nilisikia bomba likifunguliwa na maji yakigonga kitako cha ndoo, na alipoingia uani ameishika kwa mikono yote miwili, mimi nilikuwa bado natafuta neno la kwanza.